Je, Wajua? Diski ya Nje, Linux na Barabara ya Kitale–Bungoma

Je, wajua kwamba diski ya nje ikichomekwa kwenye kompyuta ya Linux haidai uiwekee programu ya dereva? Programu zinazoiongoza zimo tayari ndani ya keneli, kile kiini cha mfumo endeshi. Unachomeka, unangoja sekunde chache, na jina la diski linatokea pembeni mwa dirisha la faili. Matatizo mengi yanayofikishwa kwa mafundi wa Kitale na Bungoma huanzia kwingine: namna diski ilivyofomatiwa, namna ilivyochomolewa, na stima iliyopotea kazi ikiwa katikati. Yote matatu yanazuilika, tena bila gharama kubwa, ndiyo maana nimeyapa nafasi pana hapa.

Je, wajua Linux ilitangazwa lini? Tarehe 25 Agosti 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, Ufini, aliwaarifu wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi wake mwenyewe. Usiku wa tarehe iyo hiyo mwaka 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Diski yoyote iliyokuwa ikiandikwa dakika ile bila betri ya kuitegemeza ilikatizwa papo hapo.

Je, wajua kwamba simu ya Android huendeshwa na keneli ya Linux? Basi hata anayeapa kwamba hajawahi kuigusa Linux, huenda anaitumia kila anapotuma M-Pesa.

Na mwaka 1956? Mwaka huo IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya sahani. Kabati la diski hiyo lilikuwa na uzito wa karibu tani moja na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na lilihifadhi herufi milioni 5, kiasi cha picha moja tu ya simu ya kisasa. Mwaka huo huo kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale. Mbegu ya mahindi chotara H611, iliyotokana na utafiti wa Kitale, ilitolewa 1964. Kumbukumbu za mashamba ya majaribio zilizokuwa zikijaza makabati leo zinaenea kwenye kitu cha kutia mfuko wa koti.

Je, wajua kwamba Mlima Elgon una mahali ambapo diski ya kawaida haifai kuwashwa? Ndani ya diski ya sahani, kichwa cha kusomea hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache, huku sahani ikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kinachokibeba kichwa ni hewa, na hewa ikipungua, kichwa hushuka. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huandika kikomo cha matumizi cha mita 3,048 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi, Kitale kwenye mita 1,900 hivi, kwa hivyo mjini hakuna la kuhofia. Lakini kilele cha Koitoboss, upande wa Kenya, kinapita mita 4,200, na Wagagai, upande wa Uganda, kina mita 4,321. Mtafiti au mpiga picha anayekwea huko abebe SSD, ambayo haina sahani wala kichwa, au angoje ashuke ndipo awashe. Diski zilizojazwa gesi ya heliamu, zilizoanza kuuzwa 2013, zimezibwa kabisa, ila hizo ni diski kubwa za seva na ni nadra mtu kuzitia mkobani.

Kwa kuwa diski ya kawaida inahitaji hewa, ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio ndani yake. Msimu wa kupukuchua mahindi Trans Nzoia, vumbi likitanda hadi kwenye vibanda vya kompyuta, kichujio hicho ndicho kinachookoa sahani. Ukinunua diski tupu ili uitie mwenyewe kwenye kasha la USB, usibandike stika juu ya tundu hilo.

Je, wajua kwamba diski iliyozimwa huvumilia mtikisiko kuliko iliyowashwa? Diski nyingi ndogo za inchi 2.5 huhimili kishindo cha kiasi cha 400 G zikiwa kazini, na cha kiasi cha 1,000 G zikiwa zimezimwa, kwa sababu kichwa kimeegeshwa mbali na sahani. Usipande bodaboda kipakatalishi kikiwa kimelala tu na diski bado imechomekwa. Izime, uingoje itulie, ndipo uitie mkobani.

Je, wajua kwamba matatu inaweza kuishinda intaneti? Tuchukue diski ya terabaiti 1 iliyojaa, itoke Kitale ipite Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma. Hata safari ikila saa 3 nzima, hiyo ni kasi ya megabiti 740 hivi kwa kila sekunde. Mzigo huo huo ukitumwa kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyokatika hata mara moja, ungechukua zaidi ya siku 9. Afrika Kusini walilithibitisha jambo hili kwa njiwa. Septemba 2009 njiwa aitwaye Winston alibeba kadi yenye gigabaiti 4 hadi karibu na Durban. Kwa saa 2 na dakika chache, kuruka kwake pamoja na kuzipakia data kwenye kompyuta, kazi ilikuwa imekwisha, na laini ya intaneti aliyoshindana nayo ilikuwa imefikisha asilimia 4 tu. Kwa hivyo anayetuma diski kwa matatu asionekane amebaki nyuma. Amepiga hesabu.

Sasa tuje kwenye kufomati, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopotezea kazi zao.

Je, wajua kwamba diski au flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata kama ndani yake kuna nafasi ya gigabaiti 500? FAT32 ilikuja 1996, wakati ambapo kompyuta nzima ilikuwa nadra kuwa na gigabaiti 4. Ubaya ni kwamba ujumbe unaotokea huzungumzia ukubwa wa faili, na mtu akiusoma haraka hudhani diski imejaa au imeharibika. Ukitazama dirisha la Linux utaona nafasi tele, lakini nakala inakatika pale pale kila ukijaribu. Haijaharibika. Imefomatiwa kwa mfumo wa zamani.

Bungoma tatizo hili lina msimu wake. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa 2, yaani 2022, 2024, 2026 na kuendelea, Wabukusu hupasha tohara vijana wao. Tangu kijana anapozunguka na njuga za chinyimba akialika jamaa, hadi alfajiri anaporudi kutoka mtoni amepakwa tope na wimbo wa sioyaye ukiimbwa, wapiga video wa Kanduyi, Chwele, Kimilili na Webuye huwa kazini. Kamera inayorekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde hutoa karibu gigabaiti 11 kila saa. Kwenye kadi ya FAT32 faili hujaa kila baada ya dakika 24 hivi, kwa hivyo kamera huikatakata video vipande vipande. Baadaye mpiga video anaviunga vipande hivyo kuwa filamu moja ya saa mbili, anajaribu kuinakili kwenye diski ya mteja, na diski inakataa. Alfajiri ile hairudiwi. Mzee aliyebariki kijana huenda asiwepo mwaka unaofuata. Nikisema watu wajifunze mfumo wa faili wa diski zao, ninafikiria kanda za namna hii.

Je, wajua dawa yake? Diski ya kusafiri ifomatiwe kwa exFAT. Microsoft iliitoa 2006, na kwa miaka mingi Linux iliitumia kwa kuongezewa programu, kwa sababu ya hataza. Agosti 2019 Microsoft ilichapisha maelezo yake hadharani, na keneli 5.7 ya mwaka 2020 ikaja na programu ya dereva ya exFAT iliyoandikwa na Samsung. Tangu hapo diski moja husomeka Linux, Windows na Mac bila kuhangaika. Kompyuta yenye Linux ya zamani kuliko hiyo inahitaji kifurushi cha ziada kiitwacho exfat-fuse, na kinapatikana bure.

Runinga nyingi na redio za matatu bado hupendelea FAT32. Nyimbo za litungu za kupigwa njiani zitie kwenye flashi ya FAT32. Hazitafika gigabaiti 4.

Je, wajua NTFS? Ni mfumo wa faili wa Windows tangu 1993. Linux iliusoma kwa miaka mingi kupitia programu ya NTFS-3G, kisha keneli 5.15 ya mwaka 2021 ikapokea dereva mpya wa kampuni ya Paragon. Kuna kisa kimoja kinachojirudia kila wiki: diski inatoka saiba yenye Windows, inafika kwenye Linux ya nyumbani, faili zinafunguka lakini hakuna kinachoandikika, au diski haifunguki kabisa. Mara nyingi Windows ilizimwa nusu nusu, kwa ile njia yake ya kuwaka upesi, au diski ilichomolewa kabla ya kutolewa. Windows iliacha alama kwamba kazi haijakamilika, na Linux inaiheshimu alama hiyo ili isivuruge faili. Rudisha diski kwenye Windows, ichunguze kwa amri ya chkdsk, iwashe upya mashine, kisha itoe kwa utaratibu. Amri ya ntfsfix ya Linux hufuta alama na kurekebisha machache, lakini haichunguzi diski yote, kwa hivyo usiifanye kuwa kimbilio la kwanza.

Na ext4 je? Huo ndio mfumo wa nyumbani wa Linux tangu 2008. Ni imara na una kasi, ila Windows haiusomi bila programu ya ziada. Ukiichomeka diski ya ext4 kwenye Windows, itakuuliza kama unataka kuifomati. Jibu ni hapana! Watu wamebofya ndiyo kwa haraka na kazi ya miaka ikatoweka.

Je, wajua kwa nini tofauti hizi zina uzito zaidi kwetu kuliko mahali penye stima isiyokatika? Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ext4 na NTFS zina daftari lao: kabla ya kubadilisha mpangilio wa diski, mfumo huandika kwanza unachotaka kufanya. Stima ikipotea kisha ikarudi, mfumo husoma daftari na kuukamilisha au kuutengua mpango ule. FAT32 na exFAT hazina daftari hilo. Stima ikikatika katikati, orodha ya faili yenyewe inaweza kuvurugika, na si faili moja tu iliyokuwa ikinakiliwa. Ukanda wetu wa bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na alasiri ya mvua mtu yeyote wa Bungoma anajua taa zitakavyofanya. Ninashauri hivi, na ninasimama hapo: kuwe na diski mbili. Ya kusafiri iwe exFAT, ibebe nakala tu. Ya kukaa nyumbani iwe ext4, nayo ndiyo itunze kazi yenyewe. Anayeweka kila kitu chake kwenye diski moja ya exFAT inayozunguka saiba zote za mji anaiweka kazi yake hatarini, hata kama diski ni ya bei ghali.

Daftari hilo nalo lina mipaka. Kwa kawaida ext4 hulinda mpangilio. Faili iliyokuwa ikiandikwa sekunde ile stima inapotea bado inaweza kupotea.

Je, wajua kwamba Linux ikikuonyesha kunakili kumekwisha, huenda hakujaisha? Ili kazi iende haraka, mfumo huziweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha huziandika kwenye diski polepole. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kungoja hadi sekunde 30 kabla ya kuanza kusukumwa, na diski ikiwa ya kasi ndogo huendelea kuandikwa dakika kadhaa baada ya mstari wa maendeleo kujaa. Nimemtazama mpiga video mmoja wa Bungoma akimaliza kazi. Aliandika kwenye terminali sync, amri ya kusukuma data zote hadi kwenye diski, akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikodolea macho taa ya diski ikimetameta hadi ikatulia. Kisha akabofya alama ya kutoa, akaweka kiganja juu ya kasha mpaka mtetemo wa sahani ukakoma. Ndipo akachomoa waya, kwa kushika kichwa cha waya chenyewe, si kwa kuuvuta. Mteja alikuwa amesimama mlangoni akimhimiza. Hakuhimizika.

Je, wajua kuhusu lile tundu la buluu? Mara nyingi huo ni mlango wa USB 3.0. USB 2.0 ya mwaka 2000 kwa kawaida hunakili kiasi cha megabaiti 35 kwa sekunde. Kanda za saa 8 za kamera tuliyoitaja, gigabaiti 86 hivi, zitachukua dakika 40. Kwenye USB 3.0 diski ya sahani inayofikisha megabaiti 100 kwa sekunde itamaliza kwa robo saa. Linux ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua USB 3.0, kupitia keneli 2.6.31 ya Septemba 2009.

Tundu hilo pia hutoa nguvu zaidi, miliampia 900 badala ya 500. Diski ikiwaka taa, ikasikika tik tik, kisha ikatoweka kwenye orodha, usikimbilie kusema imekufa. Huenda tundu la mbele la ile kompyuta ya mtumba halitoi stima ya kutosha. Jaribu la nyuma, kisha jaribu waya mwingine. Amri ya sudo dmesg itakuonyesha mistari ya diski ikiunganishwa na kukatika, ikiunganishwa na kukatika.

Je, wajua kwamba diski uliyonunua ya terabaiti 1 haijapunjwa Windows inapoionyesha kama 931? Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Dirisha la faili la Ubuntu huhesabu kwa elfu na kuonyesha terabaiti 1, ilhali amri ya df -h huhesabu kwa 1,024. Baiti ni zile zile.

Ukiifomati diski kwa ext4, hata hivyo, utaona nafasi imepungua kwelikweli. Mfumo hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi, na kwenye terabaiti 1 hiyo ni gigabaiti 50. Kwa diski ya kuhifadhia tu unaweza kuirudisha kwa sudo tune2fs -m 0 ukifuatisha jina la sehemu ya diski, kama /dev/sdb1.

Je, wajua kwamba ulichofuta bado kimo? Ukifuta faili zilizo kwenye diski ya nje kupitia dirisha la Linux, huhamia kwenye folda iliyofichika ndani ya diski hiyo hiyo, iitwayo .Trash-1000. Namba 1000 ni ya mtumiaji wa kwanza wa kompyuta. Mtu anafuta msururu mzima wa filamu, anatazama nafasi, haijaongezeka hata kidogo. Bofya Ctrl na H uione folda hiyo, au toa taka diski ikiwa bado imechomekwa. Kwenye Windows folda hiyo huonekana wazi, na wengi huiogopa wakidhani ni virusi.

Je, wajua kwamba jina la faili linaweza kukukwamisha? Linux kwenye ext4 hukubali karibu kila herufi. Windows hukataa nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota na nyinginezo. Video uliyoiita Ibada 10:30 itagoma ikihamishiwa NTFS au exFAT za Windows. Pia ext4 huona Mahindi.odt na mahindi.odt kuwa faili mbili tofauti, na Windows huziona kuwa moja.

Je, wajua kwamba jina sdb si la kudumu? Leo diski yako ni /dev/sdb, kesho ukichomeka flashi kwanza itakuwa /dev/sdc. Kabla ya amri yoyote ya kufomati au ya dd, ile inayoandika moja kwa moja juu ya diski, andika lsblk usome ukubwa wa kila diski. Yenye 931G ni ile kubwa, yenye 14.9G ni flashi ya gigabaiti 16. Soma mara mbili. Amri ya dd haikuulizi kama una hakika.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zilizoko kwenye maduka yetu hazifikii masharti ya Windows 11. Linux inazipa maisha mapya, na ninafurahi kuona vijana wa Chuo Kikuu cha Kibabii na wa Kitale National Polytechnic wakilitambua hilo. Ila hamisha data zako kwenye diski ya nje kwanza, kisha ichomoe diski hiyo na uiweke kando kabla ya kuanza kusakinisha. Programu ya kusakinisha huorodhesha kila diski iliyochomekwa, na ukichagua isiyo yako unafuta ulichotaka kuokoa.

Je, wajua kuna programu ya bure ya kuwanasa wauzaji wa diski bandia? Huuzwa diski ndogo nyepesi zenye maandishi ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Ndani huwa na kadi ndogo ya simu iliyochezewa ili itaje ukubwa isiokuwa nao, na data ikipita ukubwa wake wa kweli huandikwa juu ya ile ya awali. Sakinisha f3 kwenye Linux, endesha f3write kisha f3read kabla ya kuweka chochote, na utajua ukweli. Fanya hivyo siku ile ile ya kununua, ukiwa bado na risiti.

Na afya ya diski ya zamani je? Programu ya Disks ina sehemu ya SMART, na kwenye terminali kuna smartctl, ambayo kwa makasha ya USB wakati mwingine huhitaji kuongezewa -d sat. Tazama idadi ya sekta zilizohamishwa na zinazongoja. Zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa zinapanda kila ukitazama, nakili vyote leo.

Faili zikipotea, acha kuandika chochote kwenye diski hiyo. PhotoRec na TestDisk za Mfaransa Christophe Grenier ni za bure na huokoa picha nyingi. Diski ikiwa inakwaruza, GNU ddrescue huinakili kwanza sehemu nzima nzima na kuziachia mbovu mwisho.

Je, wajua sheria inasemaje kuhusu diski ya saiba? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019. Saiba iliyojaza diski yake nakala za vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya KCSE vya wateja inashika data za watu na ina wajibu wa kuzilinda. Ruhusa za faili za ext4 hazitoshi, maana diski ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine msimamizi wake anasoma kila kitu. Linux ina LUKS tangu 2004: wakati wa kufomati kwenye Disks unachagua kuweka nywila, na bila nywila hiyo diski ni vurugu tupu za herufi. Kwa diski itakayofunguliwa Windows pia, tumia VeraCrypt. Andika nywila mahali salama nje ya diski, kwa sababu ikisahaulika hakuna fundi, wa Bungoma wala wa Nairobi, atakayeifungua.

Kanda za tohara za vijana wadogo zastahili ulinzi huo huo.

Je, wajua kwamba shule isiyo na intaneti inaweza kuwa na Wikipedia? Kiwix, programu iliyoanza 2007, huifunga Wikipedia nzima kwenye faili moja. Ya Kiingereza yenye picha hufika kiasi cha gigabaiti 100, kwa hivyo FAT32 haiwezi kuibeba, exFAT na ext4 huibeba. Ipo ya Kiswahili pia, ndogo zaidi, kutoka Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa 2003. Kabla ya Kiwix, mradi wa WiderNet wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ulikuwa ukipakia mamilioni ya kurasa kwenye diski na kuzituma kwa vyuo vya Afrika kwa jina la eGranary. Na Kiswahili chetu kiliingia mapema kwenye programu huria: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice.

Je, wajua kwamba rsync, iliyoanzishwa 1996 na Mwaustralia Andrew Tridgell pamoja na Paul Mackerras, hunakili kilichobadilika tu? Mara ya kwanza itachukua muda, mara ya pili dakika chache. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mahali pengine. Kwetu hilo si gumu: kazi yako iko Bungoma, shangazi yako yuko Kitale. Diski ya pili ikae kwake, si kwenye kabati lile lile lenye diski ya kwanza, kwa maana radi, moto na mwizi huingia nyumba moja kwa wakati. Kama diski ya kwa shangazi ni SSD, isikae miaka bila kuchomekwa. Kipimo cha viwanda cha JEDEC kinataka SSD ya kawaida iliyofikia mwisho wa uandikaji wake itunze data mwaka 1 tu bila stima, kwenye joto la nyuzi 30. Na kabla ya kuendesha rsync yenye --delete, ongeza -n kwanza ili ikuonyeshe itakachofuta, kisha usome orodha hiyo yote.